Beseni Moja kwa Matumbo Yote

"Inatangazwa kwa wateja na watumishi wote wa kliniki hii kwamba, kuanzia tarehe ya tangazo hili, ni marufuku kuhifadhi chakula, kinywaji au mtindi wa aina yoyote ndani ya jokofu la sampuli lililopo mwisho wa ukumbi. Atakayekiuka atachukuliwa hatua."

Tangazo lilibandikwa Alhamisi asubuhi, siku ya kliniki ya wazee, juu ya dirisha la mapokezi, likiwa na mihuri miwili. Muhuri wa pili haukuongeza maana yoyote, lakini ofisi yenye mihuri miwili huona tabu kuutumia mmoja. Wasomaji makini waligundua kwamba mtunzi hakuuhesabu mtindi kuwa chakula wala kinywaji, akaupa nafasi ya peke yake. Wasomaji makini zaidi, yaani wale waliokaa kwenye benchi la ukumbini, walijua kwamba sampuli zilizotajwa zilikuwa vinyesi vyao.

"Nani huyo mwenye roho ngumu," aliuliza mzee mmoja, "wa kuweka mtindi wake ubavuni mwa choo changu?"

"Usijisifu," alijibiwa na mwanamke aliyekaa karibu naye. "Choo chako kiko ndani ya kichupa, kina kifuniko na namba. Ni mtindi ndio ungeomba uhamisho."

Mwanamke huyo aliitwa Mama Barafu. Alikuwa na umri wa miaka sabini, na aliuza barafu na maji baridi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaa wa nyuma ya kliniki. Mtaa huo, pamoja na mitaa yote inayopakana nao, haukuwa na mahali pengine pa kununua barafu. Alikuwa akiishi na virusi tangu zama zile ambapo mtu alipewa majibu yake na kushauriwa aandike wosia, yote katika kikao kimoja. Wosia aliuandika. Baadhi ya aliowarithisha walikwisha kufa kabla yake, naye alikuwa akiufanyia marekebisho.

Siku hiyo dirishani hakuwapo Muuguzi wa Mapokezi. Alikuwapo karani wa muda kutoka idara ya malipo, mtu nadhifu mwenye sauti ya kusomea hotuba. Aliifungua rejista, akaanza kuita wateja kwa majina kamili: la mtu, la baba na la babu.

Hakusimama mtu.

Akaita tena, safari hii kwa sauti iliyovuka barabara hadi kwenye duka la dawa la ng'ambo. Benchi zima lilitazama mbele. Mzee wa kinyesi alijishughulisha kulisoma upya tangazo la mtindi.

"Hawa hawapo?" karani aliuliza.

"Hao hatuwajui," Mama Barafu alimwambia. "Labda wamehama."

"Lakini wewe mama umekaa hapo tangu asubuhi. Wewe ni nani?"

"Mimi napumzika tu, baba. Benchi lenu zuri."

Ukaidi huu ulikuwa na historia. Kulikuwa na miaka ambayo mtu aliyeitwa kwa jina lake kwenye dirisha lile aliweza kukuta vyombo vyake nje ya chumba alichopanga kabla hajafika nyumbani. Muuguzi wa Mapokezi, ambaye wakati huo alikuwa binti mgeni kazini, aliacha kutumia majina. Hakuomba ruhusa, kwa hiyo hakunyimwa. Kila mteja alimpa jina la kazi yake: Mama Barafu, Fundi Saa, Mpiga Rangi, Mwalimu wa Hesabu. Nani ni nani alijua yeye, kichwani. Kliniki ilikuwa na rejista mbili, moja kabatini na nyingine ndani ya muuguzi, na ni ile ya pili tu ambayo wateja waliitambua.

Kelele za karani zilimtoa ofisini Daktari wa Utafiti, mwanamke aliyelingana kwa umri na kitinda mimba wa Mama Barafu. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala na kompyuta.

"Daktari, muuguzi wetu yuko wapi?" Mama Barafu aliuliza.

Daktari alikaa kwenye benchi, jambo ambalo madaktari hawalifanyi wakiwa na habari njema.

"Amesimamishwa, mama. Ule mtindi ulikuwa wake. Friji ya wafanyakazi imeharibika, akauweka kwenye ya sampuli, siku moja tu."

"Na mtindi umemfukuzisha mtu kazi?"

"Si kumfukuza. Kamati itakaa Alhamisi ijayo. Wanapendekeza ahamishiwe bohari kuu, akahesabu magodoro." Alishusha sauti. "Majibu ya sampuli zenu yamekuja ya ajabu. Bakteria tuliowapa nusu yenu wameonekana kwa wote. Hata kwa waliopewa vidonge vya unga mtupu. Wote, kidogo kidogo. Mwenyekiti anasema ni mtindi umechafua sampuli, maana nao una bakteria wake."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema vichupa vilikuwa vimefungwa. Lakini sina maelezo mengine, na yeye anayo."

Mama Barafu alikuwa na maelezo mengine. Alikuwa nayo kamili, yenye ujazo wa beseni moja la bati. Aliyameza, akamuuliza daktari kama amekula.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa heshima. Siku ya kwanza, daktari aliwakusanya wazee akawaeleza bila kuwadekeza. Virusi, alisema, hushambulia utumbo mapema sana, kwa sababu askari wengi wa mwili wanaishi huko. Dawa huvizuia virusi, lakini ukuta wa utumbo haurudi wote kuwa kama ulivyokuwa. Hubaki na nyufa. Vitu vya tumboni vinapenya, na mwili hukaa macho miaka yote kama mlinzi anayesikia hatua nje ya lango. Mlinzi wa namna hiyo huchoka, na humchosha mwenye nyumba: moyo, mifupa, kumbukumbu. Tena wale bakteria wema wa tumboni, ambao kazi yao ni kuutunza ukuta, kwa wengi wenye virusi na umri mkubwa wamepungua. Swali lilikuwa kama wakirudishwa kwa njia ya kidonge, hali itatulia.

"Itatulia?" aliulizwa.

"Sijui," daktari alijibu. "Ningekuwa najua nisingewasumbua."

Benchi lilikuwa halijawahi kusikia neno hilo kutoka kwa daktari, na liliwashawishi wengi kuliko ambavyo ahadi ingeweza kufanya. Wakatia saini. Nusu wangepewa vidonge vyenye bakteria, nusu vidonge vya unga, katika chupa zinazofanana. Hakuna ambaye angejua amepata nini, hata daktari; aliyejua ni bingwa wa takwimu katika mji mwingine, naye alikuwa ameifungia siri hiyo kwenye kompyuta. Sharti la mwisho lilionekana dogo: vidonge vikae kwenye baridi, kwa kuwa vilivyomo ni viumbe hai.

Waliobuni sharti hilo walikuwa watu wenye majokofu. Wengi wa washiriki hawakuwa nayo; na wachache waliokuwa nayo walichangia na wakwe zao, ambao wangeuliza chupa ile ni ya nini. Kwa hiyo, jioni ya siku ile ile, chupa zote za mtaa zilihamia kwenye friji ya Mama Barafu, na wenyewe wakakubaliana kupita kila jioni, kila mtu ameze chake.

Mama Barafu alizipanga chupa rafu ya juu, akazitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akaenda uani, akarudi na beseni.

Hapa yafaa kueleza jambo la zamani. Dawa za kwanza zilipofika mjini hapo zilikuwa chache, na kamati ya watu wenye heshima iliteuliwa kuchagua nani azipate. Mume wa Mama Barafu, mchomeleaji wa mageti, aliambiwa angojee awamu ya pili. Awamu ya pili ilikuja kwa wakati wake. Ni yeye ndiye hakuwa na wakati huo. Waliochaguliwa na walioachwa walikuwa wakikutana nyumbani kwa huyo huyo Mama Barafu, na waliochaguliwa walianza kuwakatia wenzao vidonge nusu kwa nusu. Lazima isemwe, kwa sababu wanaoisimulia habari hii hupenda kuiruka sehemu hii, kwamba haukuwa ugawaji wa busara. Nusu ya dozi huvifundisha virusi kuizoea dawa, na baadhi ya waliogawana walikuja kukutwa na virusi visivyoisikia tena. Hilo walilijua na wakalilipia. Lakini kanuni iliyozaliwa pale haikufa nao: katika nyumba ile, kisichotosha wote hakikuwa cha mtu.

"Nusu yetu tumepewa unga," Mama Barafu alisema akizifungua chupa. "Sijui ni nusu ipi. Basi wote tumeze nusu nusu."

Akamimina vyote ndani ya beseni, akavaa glovu za kupakulia barafu, akachanganya kama mtu anayechambua mchele, akavirudisha kwenye chupa. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyemwambia daktari pia, maana daktari angelazimika kupinga, na walimpenda.

Aliyefaidika zaidi, au aliyeamini hivyo, alikuwa Fundi Saa, mdogo wa marehemu mchomeleaji, na kwa hiyo shemeji yake Mama Barafu. Kwa miaka kumi tumbo lilikuwa limemtawala. Ramani ya mji aliyoibeba kichwani ilikuwa ramani ya vyoo, na mahali pasipo choo palikuwa nje ya ulimwengu. Aliifunga meza yake ya kazi kando ya barabara, kwa kuwa huwezi kumwacha mteja ameketi mbele ya saa iliyofumuliwa ukaondoka mbio bila maelezo. Wiki kadhaa baada ya kuanza vidonge, tumbo lilinyamaza, naye akairudisha meza barabarani. Je, walikuwa bakteria? Au nusu ya bakteria? Au ni kutembea kila jioni kwenda kwa shemeji yake, kukaa na watu na kubishana? Mwenye akili timamu asingeweza kusema. Fundi Saa alisema.

Alhamisi hiyo aliingia kwa Mama Barafu jua likiwa bado juu ya mabati.

"Shemeji!" alianza mlangoni. "Leo nimeifungua saa ya mteja, nikaisafisha, nikaifunga, na mwenyewe kanikalia mbele muda wote. Sikuinuka!"

"Hongera. Wenzako wanapongezwa wakiinuka."

"Wivu huo. Kwa hiyo kliniki sikuja, nitakwenda kesho kuchukua dawa zangu. Niletee kidonge changu."

Alimletea, pamoja na maji, na pamoja na habari za mtindi, karani na bohari. Fundi Saa alikishika kidonge bila kukimeza.

"Nitakwenda kwenye kamati Alhamisi," Mama Barafu alimaliza. "Nitawaambia ni sisi."

"Ukiwaambia, hivi vitakoma."

"Vitakoma."

"Unavyosema! Kama unatangaza bei ya barafu." Alikaa. "Shemeji, sikiliza. Mimi dada yangu nimemzika kwa simu. Wenzangu wako makaburini, mimi niko chooni na simu sikioni, nasikiliza udongo unavyoanguka. Harusi ya binti yangu nimeiona kwenye picha. Sasa ndiyo kwanza nimekaa kitini kama mtu. Wewe unakwenda kunivuta kiti."

"Najua."

"Bohari si kaburi. Mshahara ule ule. Atahesabu magodoro miezi michache, utafiti ukiisha tunasema yote, anarudi."

"Na dirishani?"

"Dirishani tutazoea."

"Wewe utazoea haraka, maana umeshaanza. Karani kakuita leo kwa jina kamili. Lako, la baba yako, la babu yako. Limevuka barabara lote zima mpaka duka la dawa."

Fundi Saa alikigeuza kidonge kiganjani. Mwenye duka la dawa alikuwa mteja wake. Saa yake ilikuwa mezani, ikingoja mkanda.

"Kaita kwa nguvu?"

"Kama anauza mnada."

Alikimeza kidonge bila maji, akaiacha bilauri imejaa, akatoka. Hakuaga. Jioni zilizofuata hakuonekana, na chupa yake ilikaa kwenye rafu kama mtu aliyenuna.

Kamati ilikutana katika chumba ambacho meza ilikuwa imekizidi, hivyo wajumbe walipita kwa ubavu kuvifikia viti vyao. Mwenyekiti alikuwa tabibu aliyeacha zamani kutibu watu ili atibu mikutano. Kushoto kwake alikaa daktari, na mwisho wa meza, kwenye kiti cha mtuhumiwa, Muuguzi wa Mapokezi, mikono juu ya mkoba, kimya kama mtu ambaye ameficha siri za wengine muda mrefu hadi akasahau namna ya kujitetea.

Mama Barafu aliingia bila kuitwa, akaweka beseni katikati ya meza.

"Mama, hiki ni nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni beseni."

"Naona ni beseni. Linahusika vipi?"

"Ndilo mtindi wenu."

Akaeleza. Hakuremba na hakuomba radhi. Alisema chupa zilikaa kwake, kwamba alizimimina na kuchanganya kila zilipokuja mpya, kwamba mikono ilikuwa yake na muuguzi hakujua lolote. Muuguzi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, akatikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu akimwona jirani anapanda ngazi mbovu.

Aliyesimama alikuwa daktari.

"Mngeniuliza!"

"Ungekubali?"

"Nisingekubali!"

"Basi tumekuokolea muda, binti yangu."

"Usiniite binti yako leo." Sauti ilimpasuka. "Mnajua mmefanya nini? Kama vidonge vinasaidia, siwezi tena kuthibitisha. Kama havisaidii, siwezi pia. Mna hasara pande zote mbili. Kuna wazee kama nyinyi mahali pengine, wanaharisha leo, wanangojea jibu hili. Nusu yenu mngekosa miezi michache tu, ili hao wasikose maisha yao yote. Hilo ni kosa gani?"

Ilikuwa hoja nzuri. Mama Barafu alikuwa ameifikiria mwenyewe kila alipovaa glovu, na hakuwa amepata njia ya kuipindua. Hakujifanya kuwa ameipata.

"Hoja yako nzuri," alisema. "Ni nzuri kuliko ile ya zamani. Zamani tuliambiwa dawa ni chache, na kweli zilikuwa chache. Nyinyi mmeutengeneza uchache makusudi, na sababu yake naielewa. Lakini mume wangu nilimzika akiwa kwenye foleni ya sababu nzuri. Aliyeipanga alikuwa mtu mwema pia, alikuja mazishini. Mimi foleni hiyo siingii tena. Wala simwingizi mtu kwa mkono wangu halafu nikamkaribisha maji baridi."

"Kwa hiyo jibu tusilipate?"

"Litafute. Wewe ndiye msomi. Tafuta njia ambayo haianzi kwa kutugawa."

"Hakuna njia nyingine ya kujua!" daktari alisema, kisha, kwa kuwa alikuwa mkweli hata akiwa na hasira, akaongeza: "Zipo. Ni ghali, na ni dhaifu."

"Tunaomba tuheshimu ajenda," mwenyekiti aliingilia. "Ajenda ni mtindi."

Ndipo mlango ulipofunguliwa, na Fundi Saa akaingia kwa ubavu, amevaa koti ambalo mara ya mwisho lilikwenda harusini bila yeye kuwamo. Mwenyekiti alimuuliza ni nani. Fundi Saa alitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, taratibu, kwa sauti iliyosikika hadi ukumbini. Kisha akaenda dirishani kwa kamati, akalifungua, akayarudia kuelekea duka la dawa.

"Sasa limetangazwa na mwenyewe," alisema akilifunga. "Karani apumzike."

"Mzee, kaa tafadhali."

"Nitakaa. Siku hizi najua kukaa, ndicho kilichonileta." Akawaeleza kamati habari za tumbo lake, bila kuruka chochote, kwa lugha ya mtu aliyezoea kutaja vipuri kwa majina yake. Aliitaja ramani ya vyoo. Aliyataja makaburi na simu. Mjumbe mmoja alisukuma kando sahani ya biskuti. "Kwa hiyo msimtie mtu bohari kwa sababu yangu," alimaliza. "Vidonge nimekula mimi, na nimekula nikijua. Na vimenisaidia."

"Mzee," daktari alisema, sasa kwa upole, "huwezi kujua kama ni vidonge. Pengine ni kutembea. Pengine ni kukaa na watu kila jioni. Pengine lingetulia lenyewe."

"Kwa hiyo ni nini?"

"Sijui."

"Ulisema hivyo siku ya kwanza, ndiyo maana nikatia saini. Andika, basi: mmoja alipona, haijulikani kwa nini. Si ni matokeo hayo?"

"Si matokeo."

"Kwako. Mimi nayavaa."

Daktari alikaa. Hakuandika, lakini kalamu alikuwa ameishika.

Mwenyekiti alikohoa kwa cheo. "Mama, kamati inapenda kujua kama mnajuta."

"Kwa muuguzi, ndiyo. Nasikia mtindi wake mmeumwaga."

"Na mnaahidi kutokuchanganya tena?"

"Siahidi. Nikiahidi nitakuwa mwongo, na mpaka sasa ni mkaidi tu."

Walitolewa nje ili kamati itafakari. Walikaa kwenye benchi chini ya tangazo, Mama Barafu, Fundi Saa na muuguzi katikati yao, wakati karani akiendelea kuita watu ambao hawakuwapo ingawa walikuwa wamejaa ukumbini.

"Mngenyamaza," muuguzi alisema. "Magodoro hayana siri. Ningepumzika."

"Ungeyapa majina," alisema Mama Barafu.

Muuguzi alicheka kwa pua. Kisha akafumba macho kidogo, akaanza kuita kwa sauti ya kawaida, bila rejista, akimpita karani: "Mpiga Rangi." Mtu akasimama. "Mwalimu wa Hesabu." Mtu akasimama. Karani aligeuka, akatazama karatasi zake, akawatazama waliosimama, akatafuta uhusiano.

Fundi Saa aliinuka ghafla, akaenda upande wa nyuma kwa hatua ambazo Mama Barafu alizijua kwa miaka kumi. Alikaa huko muda. Aliporudi, paji la uso lilikuwa na jasho.

"Ni lile?" shemeji yake alimuuliza.

"Ni chai. Au siku nilizokosa kidonge kwa kununa. Au woga."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui," alisema Fundi Saa. Akakaa, akavuta koti likae sawa. "Lakini kiti sikihami. Wakivikomesha, kesho meza naiweka barabarani vile vile. Mteja nitamwambia kabla sijaifungua saa yake: tumbo langu hili, nikikimbia ningoje. Asiyeweza kungoja aende na saa yake mbovu."

"Atangoja."

"Atangoja. Fundi mwingine hayupo."

Mlango ulifunguliwa. Mwenyekiti alitoka na karatasi yenye mihuri miwili, akavaa miwani, akasoma mbele ya ukumbi mzima:

"Kamati, baada ya kusikiliza pande zote na kulikagua beseni, imeamua kwamba tangazo kuhusu mtindi libaki mahali pake, kwamba Muuguzi wa Mapokezi arejee dirishani akiwa na onyo kwa mtindi uliothibitika kuwapo, na awaite wateja kwa majina kamili kama yalivyo katika rejista, kwamba utafiti usimame kwa mwezi mmoja ili matumbo yatulie, kisha uanze upya kwa washiriki wale wale, nusu kwa nusu kama awali, kwa kuwa wengine wa umri huo hawakupatikana, kwamba beseni lishikiliwe na kliniki kama kielelezo, na kwamba, ili kukomesha kabisa uchanganyaji, kila mshiriki aihifadhi chupa yake nyumbani kwake, ndani ya kisanduku cha baridi atakachopewa na kliniki, barafu ikiwa ni jukumu la mshiriki mwenyewe, ya kuchukuliwa kila jioni katika duka la barafu lililo karibu naye."